Jiko Lililotolewa Kabla ya Foleni Kusogea

Nilikwenda Malaba kwa sababu shemeji yangu Nabwire aliniambia kuwa nisipokwenda mimi, atakwenda yeye.

Nabwire ni mjane wa ndugu yangu mdogo, Wandera. Wandera alijiua. Naliandika neno hilo hapa mwanzoni ili nisije nikalizunguka, maana kwa mwaka mzima na zaidi nimelizunguka. Watu walipouliza tulisema ni tumbo. Huku kwetu Marachi mtu aliyekufa hivyo hazikwi kama wengine. Tulimzika haraka, nje ya ua, bila moto wa matanga, na wanawake wakaambiwa wasilie kwa sauti. Mimi ni seremala. Jeneza nililiunda peke yangu, na hakuna aliyekuja kunishikia ubao.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nimemwambia Nabwire tu. Wiki moja kabla, Wandera alinipa randa yake ya kulainishia mbao. Sote wawili tulikuwa maseremala, na randa ile, yenye mwili wa mti mgumu na chuma kisichopoteza makali upesi, nilikuwa nimeitamani kwa miaka. Alikuja nayo imefungwa ndani ya gunia akasema, "Chukua, wewe utaitumia vizuri." Nilifurahi. Nilimshukuru, kisha nikamuuliza kama na msumeno ananipa. Alicheka, akaenda akaniletea na msumeno. Tangu tumzike sijavigusa.

Habari za Malaba zililetwa na katekista wetu. Alisema huko kuna kikundi kidogo cha akina mama wa chai na watu wa boda boda ambao hutembea kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, wakiongea na madereva, kwa sababu baadhi yao hukata tamaa kabisa. Walitaka mwanamume aliyefiwa namna hii atembee nao hata siku moja. Madereva, alisema, huwapa akina mama utani tu, la moyoni hawalitoi. Nilimjibu kuwa mimi si msemaji. Nabwire alikuwa hapo anapepeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Basi nitaenda mimi, shemeji. Wewe baki na mbao zako."

Jumanne, saa moja asubuhi, nilifunga karakana. Nabwire alikuja na begi langu akiwa ameshalipanga: shati moja, kitambaa cha kujifuta, na chini kabisa kitu kizito. Niliingiza mkono nikajua kabla ya kuona. Ilikuwa randa.

"Hii ya nini?"

"Utahitaji kitu cha kushika," alisema, akarudi jikoni.

Kutoka Butula hadi Bumala nilibebwa na pikipiki, na barabara ilikuwa na tope la mvua ya usiku. Mihogo na mahindi ya watu yalikuwa yamesimama vizuri. Kila tulipopishana na mtu anayenijua aliinua mkono na kuuliza ninakwenda wapi, na kila mara nilijibu, "Busia, kununua misumari." Nilihesabu baadaye. Nilisema uongo huo mara nne kabla ya kufika lami.

Saa nne nilikuwa Busia mjini. Nimekuja Busia mara nyingi kununua vitasa na gundi, lakini siku hiyo mji ulinitisha. Wabadilisha fedha wakiniita "boss, boss, unavuka?", mawakala wa mizigo wakikimbia na makaratasi, malori yakipumua. Niliona kama kila mtu anajua nilichokuja kufanya. Nilielekezwa kwenye duka la vitenge na madera nyuma ya soko. Mwenye duka, dada Zaituni, ni mhudumu wa afya ya jamii pia, na ndiye anayewafundisha watu wa kikundi kabla hawajatembea. Kwenye ngazi ya duka alikaa kijana wa boda boda, Juma, ambaye ndiye angenipeleka Malaba.

Zaituni alinipa kiti na maji. Hakunipa pole ndefu, na nilimshukuru kwa hilo moyoni.

"Mzee Ouma, unajua kuuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua. Kwa neno lenyewe, bila kulifunika."

Nilimwambia ukweli, kwamba neno hilo naliogopa. Nikamuuliza kama kulitaja si kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

"Nikikuuliza kama una njaa, nimekutia njaa?"

"Mimi ukiniuliza inakuja hapo hapo," Juma alidakia kutoka mlangoni.

Zaituni alimrushia kipande cha kitambaa. "Wewe njaa yako ni ugonjwa mwingine. Njoo ukae hapa, mzee afanye mazoezi kwako."

Juma aliketi mbele yangu, akakunja uso kama mtu mwenye shida. Nilimuuliza, "Kijana, unaonaje maisha yako?"

"Hapana," Zaituni akasema. "Hilo ni la mahubiri. Tena."

Mara ya pili nilisema, "Je, unawaza kufanya jambo baya?" Zaituni akatikisa kichwa. Alisema mwenye mawazo hayo tayari anajiona mbaya, usimwongezee. Mara ya tatu nilifungua mdomo na neno likakataa kutoka. Juma aliacha kukunja uso. Zaituni hakunilazimisha. Alinieleza mengine: nikishajua, nisimwache mtu huyo peke yake hata kidogo, nisimwahidi kuwa itakuwa siri, nisibishane naye wala kumhubiria, nimsindikize hospitalini nikae naye mpaka mtu wake afike. "Na akiogopa polisi," alisema, "mwambie tunampeleka kwa daktari. Wengi wananyamaza kwa hofu ya kushtakiwa."

Niliondoka dukani nikijua kila kitu isipokuwa kile cha kwanza.

Saa saba tulikuwa kwenye barabara ya Malaba. Juma anaendesha taratibu, kinyume na wenzake. Tulipopita Alupe nilimuuliza, kwa sababu ya ukimya tu, alijiunga vipi na kikundi.

"Mimi sikujiunga, mzee. Mimi ndiye niliulizwa."

Sikuelewa mara moja.

"Mama Amoit wa chai aliniuliza. Hivyo hivyo, na neno lake. Nilikuwa nimekaa kwake tangu asubuhi, chai imepoa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimtukana." Alikwepa shimo. "Halafu nikamwambia ndiyo."

Nilikuwa nimeshika begi kifuani na randa ikinigonga mbavu kila tulipopita tuta. Niliwaza kuwa Wandera angenitukana pia. Ningekubali.

Saa nane tuliiona foleni. Malori yalikuwa yameanza mbali kabla ya mji, moja nyuma ya jingine, matenki, makontena, trela za saruji, yote yakitazama Uganda na hakuna linalosogea. Mashati yalianikwa kwenye vioo. Watu walilala chini ya trela. Juma alinieleza desturi za hapo tulipokuwa tukipita. Kila dereva ana jiko lake la makaa na sufuria yake. Anayefika zamu ya kuvuka humwachia aliye nyuma yake makaa yaliyobaki, na wengine huacha hata jiko lenyewe. Watu humpigia makofi na kumwambia hongera. Hapo foleni, mtu anayetoa vitu ni mtu mwenye bahati.

Mama Amoit ana kibanda cha mabati kando ya barabara, katikati ya foleni. Ni mama wa Kiteso, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliponiona alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu, mzee. Umekula? Hujakula. Kaa."

Alinimiminia chai kutoka kwenye flaski kubwa, mpya, yenye maua mekundu. Nilisifu flaski.

"Nimepewa leo asubuhi!" alisema kwa furaha. "Na Kilonzo, dereva mmoja wa Makindu, mtu mpole sana. Karatasi zake zimetoka, anavuka. Jiko amempa Baraka wa lori la nyuma, na mimi akanipa flaski. Akaniambia, mama, wewe utaitumia vizuri."

Niliweka kikombe chini. Maneno hayo niliyajua. Yalisemwa mlangoni mwa karakana yangu.

"Amevuka?"

"Bado. Ataitwa."

"Foleni imesogea tangu lini?"

Mama Amoit alinitazama, kisha akageuka akatazama malori. Juma ndiye aliyejibu. "Tangu jana haijasogea, mzee. Hata gurudumu."

"Na lori lake liko wapi?"

Juma alinyoosha kidole nyuma, mbali na mpaka, si mbele. Kulikuwa na malori mengi kati yake na geti la mpaka, mengi kiasi kwamba asingevuka siku hiyo wala kesho yake. Mama Amoit alikaa juu ya debe.

"Nilimpa hongera," alisema. "Mimi ndiye nauliza watu, na nilimpa hongera."

Mimi niliomba na msumeno.

Tulikwenda haraka, karibu tukikimbia. Lori la Kilonzo lilikuwa limefungwa. Baraka, dereva wa lori la nyuma, alikuwa anapika mboga ya sukuma kwenye jiko lile lile. Alisema Kilonzo alimwachia na ufunguo, ati foleni ikisogea amsogezee, yeye anakwenda mjini kidogo. Alipoona nyuso zetu aliacha kukoroga.

"Kwani kuna nini?"

Mama Amoit alimweleza kwa maneno machache. Baraka aliutazama ufunguo mkononi mwake, kisha akazima moto kwa teke.

Tuligawana. Juma alipanda pikipiki kuelekea geti, Baraka akaenda upande wa mashamba, Mama Amoit akapita lori kwa lori akiuliza. Mimi, nisiyejua mji, niliambiwa nifuate vibanda vya barabarani kurudi nyuma, nimtafute mwanamume mrefu mwenye fulana ya kijani. Nilitembea nikichungulia kila mlango. Hotelini hapana. Kwa fundi wa viatu hapana. Jua lilikuwa kali na kinywa changu kimekauka. Kila fulana niliyoiona ilikuwa ya kijani mpaka niisogelee. Nilianza kupanga kichwani nitakavyomwambia Nabwire kuwa nilichelewa, na nilijichukia kwa kupanga hivyo.

Nilimkuta kwa kinyozi.

Kilikuwa chumba kidogo cha mbao chenye kioo kilichopasuka. Mwanamume mrefu mwenye fulana ya kijani aliketi kitini, shuka shingoni, na kinyozi alikuwa akimtania huku akimnyoa.

"Boss, unanyolewa kichwa na ndevu hivi, leo unaoa nini? Upande ule kuna mke?"

"Nataka kuwa safi tu," Kilonzo alisema.

Nilikaa kwenye benchi. Kinyozi alidhani mimi ni mteja akaniambia nisubiri, naye karibu amalize. Nilisubiri. Nilituma ujumbe kwa Juma, nikakosea herufi mara mbili. Niliwaza kumshika mkono mtu yule nimpeleke kwa nguvu. Niliwaza kupiga kelele. Mashine ilinguruma, na nilimwona kwenye kioo akitazama mbele bila kujiangalia.

Alipotoka nilitoka naye. Nilimsalimia, nikamwambia naitwa Ouma, ni seremala kutoka Butula. Nikasema foleni ni ndefu. Akakubali kuwa ni ndefu. Nikasema jua ni kali. Akakubali. Alikuwa na heshima, lakini alianza kutembea, na njia aliyoifuata haikuwa ya kwenda kwenye malori.

Nilifungua begi nikatoa randa. Sijui kwa nini. Niliishika mbele yake kama mtu anayeuza.

"Ndugu yangu alinipa hii," nilisema. "Aliniambia nitaitumia vizuri. Nilifurahi, sikumuuliza kitu. Baada ya wiki moja alijiua."

Ilikuwa mara ya kwanza nalisema neno hilo kwa sauti mbele ya mgeni. Kilonzo alisimama.

"Wewe umempa Baraka jiko," nikasema, "na foleni haijasogea. Unafikiria kujiua?"

Alinikazia macho. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekunywa chai ya flaski yako."

Nilitegemea matusi kama yale ya Juma. Hakutukana. Alinyoosha mkono akachukua randa, akaigeuza, akapitisha kidole gumba karibu na chuma kama fundi.

"Ina kutu," alisema.

"Sijaigusa tangu siku ile."

Ndipo akakaa chini, pale pale kando ya barabara, na nguo zake safi, randa mapajani. Akasema ndiyo. Alisema kwa sauti ndogo sana, lakini nilisikia. Nilikaa naye. Alinieleza mengi, na mengine si ya kuandikwa hapa. Halikuwa jambo moja. Lilikuwa hili juu ya lile kwa miaka, na usingizi uliokwisha, na kuona kuwa kila mtu angepumua vizuri zaidi bila yeye. Aliniuliza kama ni kweli, kama sisi kwetu tunapumua vizuri zaidi. Nilimwambia hapana. Nilimwambia mke wa ndugu yangu hupepeta maharagwe yaliyokwisha kupepetwa.

Juma na Mama Amoit walipofika, Kilonzo aliinuka kwa wasiwasi. "Mtaniitia polisi. Na lori je? Tajiri yangu..."

"Tunakwenda kwa daktari," nilisema, kama nilivyofundishwa. "Nitakaa na wewe."

"Lori atalisogeza Baraka," Mama Amoit akasema. "Si umempa ufunguo? Basi mwache afanye kazi, amekula sukuma mchana kutwa."

Kilonzo karibu acheke. Tulipanda pikipiki, Juma mbele, Kilonzo katikati, mimi nyuma nimemzungushia mikono kama mtoto, na randa ikiwa kati yetu.

Hospitalini tulipokelewa na tabibu mwanamke, ambaye alifunga mlango na kumsikiliza kwa muda mrefu. Hakutuuliza maswali ya kutuaibisha. Kabla ya hapo Kilonzo alikuwa amenipa simu yake nimtafute dada yake aliyeko Nakuru. Dada alipokea mara ya kwanza. Nilimwambia bila kuzunguka, na nilisikia akikaa chini. Alisema anaanza safari. Usiku wa benchi kando ya kitanda cha Kilonzo sina la kusimulia, isipokuwa kwamba kila alipojigeuza nilifungua macho.

Jumatano asubuhi Mama Amoit alileta uji wa wimbi. Aliubeba ndani ya flaski ya maua mekundu. Aliiweka kando ya kitanda.

"Nimeiosha," alisema. "Ni yako. Nilikuwa naitunza tu."

Kilonzo aliifungua. Halafu akamimina uji, akanipa mimi kwanza. Saa tano dada yake aliingia, mama mrefu kama yeye, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Alimshika kichwa kile kilichonyolewa akakibana kifuani. Nilichukua begi langu nikatoka.

Mchana huo Juma alinirudisha Busia. Dada Zaituni alikuwa na wateja, lakini alitoka nje. Nilimwambia kuwa neno lilitoka. Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimelala, akaniambia na mimi nitafute mtu wa kuniuliza. Nikasema nipo sawa. Akasema, "Hilo nalo umelisema haraka." Alikuwa sahihi. Kwa hiyo hapo dukani, katikati ya vitenge, nilimwambia habari ya msumeno.

Jioni nilishuka Butula. Jirani mmoja aliniuliza kama misumari nimepata. Nilimwambia sikwenda kununua misumari. Nilimweleza nilikokwenda na kwa nini, na kwamba Wandera hakufa kwa tumbo. Hakujua aangalie wapi. Kisha akaniambia yeye alijua, kijiji kizima kinajua, walikuwa wanatungoja sisi tuseme. Nilikwenda kwa Nabwire nikamweleza yote. Aliacha ungo, tukatoka pamoja hadi kaburini, nje ya ua, na hapo alilia kwa sauti. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akinipa kitu siku hizi humuuliza kwa nini, na watu wameanza kunicheka; mama mmoja alininyang'anya kuku wake akaniambia basi abaki. Afadhali nichekwe. Ningemuuliza Wandera swali moja, labda angenitukana. Sijui kama ingetosha. Hakuna anayejua, na nimeacha kujidanganya kwa upande wowote.

Kilonzo hunipigia simu. Bado anakwenda kliniki, na sauti yake siku nyingine iko chini sana, na siku asipopiga mimi hukosea vipimo vya mbao mpaka apige. Mwezi uliopita alisema anatarajia kurudi barabarani, safari hii kwa mpaka wa Busia, na kwamba jiko lake, ambalo Baraka alilirudisha, hurukaruka ubavuni mwa lori. Aliuliza kama naweza kumtengenezea sanduku la kuliwekea.

Nilisugua kutu kwenye chuma cha randa kwa jiwe, nikakinoa, nikapiga mbao zote za sanduku hilo kwa randa ya ndugu yangu. Ilikata kama zamani. Limekwisha, liko karakanani karibu na mlango. Juma alijitolea kulipeleka barabarani Bumala siku lori litakapopita, nikamkataza. Nimemwambia Kilonzo simpelekei. Aje mwenyewe alichukue.